Chupa ya Mia Tatu na Ini la Mjomba

Juzi jioni matatu yetu ya Kayole ilikwama Jogoo Road, mchuuzi akapanda na mkoba wa chupa zenye maji ya rangi ya chai. "Inaosha ini, inaongeza kinga, mia tatu tu!" Mjomba akaanza kupapasa mfuko. Nikamwambia, Mjomba, hiyo achana nayo.

"Kwani kinga ikizidi ina ubaya gani?"

Kwa ini lake, upo. Mjomba ana homa ya ini aina ya B, aliyojua alipokwenda kuchangia damu. Kirusi chenyewe hakiui sana seli za ini. Wanaoziua ni askari wetu wenyewe. Chembe za kinga zikitambua seli iliyoingiliwa huishambulia, kisha humwaga saitokini, kemikali za kupashana habari, kuita wenzao. Wenzao wakifika nao humwaga zao, na ini huvimba. Ile ALT inayopanda kwenye karatasi ya maabara ni kimeng'enya kilichovuja kutoka seli zilizoumia.

Pombe hufika hapo hapo kwa njia nyingine: hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zikapenya hadi kwenye ini, na walinzi wanaokaa humo hujibu kwa TNF, saitokini kali kweli. Uvimbe ukidumu miaka, ishara nyingine iitwayo TGF-beta huamuru makovu yashonwe, na ini hukakamaa.

Basi tuzime kinga? Hapana, na hapa ndipo napenda habari hii. Ufaransa na Marekani watafiti walijaribu kuzuia TNF kwa wagonjwa walioumizwa ini na pombe. Maambukizi yakawavamia, na katika jaribio la Marekani waliopewa dawa walikufa wengi kuliko waliopewa ya bandia, isiyo na tiba ndani. Kumbe TNF hiyo hiyo, pamoja na saitokini nyingine iitwayo IL-6, ndiyo huliamsha ini lililokatwa liote upya. (Mchuuzi hakuwa na chupa ya kueleza hilo.)

Tenofovia, dawa anayomeza Mjomba, haiongezi kinga wala kuipunguza. Hukizuia kirusi kuzaana, askari wakakosa wa kupigana naye, wakatulia.

Nilimweleza yote hayo hadi Donholm. Akanisikiliza, akanunua njugu za ishirini, akaniuliza kama njugu nazo zinaongeza kinga.