Mlango Ukifungwa, Nani Amesema Ni Mungu?

Alhamisi tulikuwa kwenye ushirika wa nyumbani huku Kisauni, Mombasa. Tumeshaimba, tumeshaomba, mama mwenye nyumba ameshaleta viazi karai na ukwaju wake, watu wamestarehe. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, akamgeukia kijana aliyekaa mkekani karibu na mlango, akamwambia: "Mwanangu, Mungu akiwa ndani ya jambo, milango hufunguka yenyewe. Ukiona kila unapogusa pamefungwa, jiulize kama kweli ni yeye aliyekutuma." Watu wakaitikia amina. Kijana akakirudisha kiazi sahanini, akajifuta vidole, akainama.

Sikusema kitu pale kwa kuwa mzee ni mzee na nyumba si yangu. Lakini hasira haijaniisha mpaka leo, na nimeona niandike.

Kijana yule alikuwa karani kwenye kampuni ya kupitisha mizigo bandarini. Akatakiwa aandike bei ya chini kuliko ile ya kweli kwenye makaratasi ya kontena, ili ushuru upungue na kinachobaki wagawane wanaojuana. Hakukurupuka. Alifunga, akaomba, akatujia baadhi yetu kutaka ushauri, na sisi kwa vinywa vyetu tukamwambia huo ni wizi, asitie sahihi. Akakataa kutia sahihi. Hakupewa hata barua ya kufukuzwa, waliacha tu kumpigia simu ya kazi. Leo anaendesha tuktuk ya mtu kati ya Kongowea na Bamburi. Jioni apeleke kwanza hesabu ya mwenyewe, ndipo ajue kama watoto watapata unga. Kodi ya nyumba anadaiwa. Kila ofisi anayopeleka maombi ya kazi wanataka barua kutoka kwa mwajiri wake wa zamani, na mwajiri huyo ndiye ambaye kijana alimkatalia wizi.

Huyo ndiye tuliyemwambia kwamba huenda Mungu hakumtuma.

Haya mambo ya milango yametuingia mpaka hatuyatambui tena. Mkopo wa sacco ukipita haraka, ni Mungu. Pasipoti ikitoka upesi na tiketi ya kwenda Uarabuni ikalipwa na wakala, tunasimama kanisani kushuhudia jinsi Bwana alivyonyoosha njia, hata kabla ya kuuliza dada yetu anakwenda kufanya kazi kwa nani na kwa mkataba gani. Na mtu akikwama, tunaanza kumtafutia kasoro: ama ana dhambi iliyojificha, ama alisikia vibaya. Wepesi umekuwa ndiyo ya Mungu, ugumu umekuwa hapana yake. Wengine wamepata biashara hapo, na sasa kuna sadaka maalumu ya kufungua milango, na watu wanaikopea.

Hebu tumfungue Yona. Mungu amwambia nenda Ninawi, yeye anataka Tarshishi. Akashuka Yafa, na Biblia inasema aliikuta merikebu inayokwenda huko huko. Haikumbidi kungoja. Nauli anayo, akalipa, nafasi ipo, akapanda, na ndani akapata usingizi mzito. Kama tungekuwa na Yona kwenye ushirika wetu wiki ile, tungemsimamisha atoe ushuhuda: merikebu ilikuwa tayari, nauli ilikuwepo, na moyo una amani tele. Kila kipimo tunachotumia kingempitisha. Na alikuwa anamkimbia Mungu.

Daudi naye alikuwa amejificha pangoni, Sauli akaingia peke yake. Watu wa Daudi wakamwambia hii ndiyo siku aliyokuahidi Bwana. Adui amejileta, upanga upo mkononi. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Alijua kwamba nafasi ikijitokeza haitoshi kuwa ruhusa.

Halafu Paulo. Ndiye ninayemrudia mara nyingi, kwa sababu akiwa Efeso aliwaandikia Wakorintho kwamba amefunguliwa "mlango mkubwa wa kufaa sana, na wako wengi wanipingao." Soma tena mstari huo, 1 Wakorintho 16:9. Mlango umefunguliwa, na wapinzani ni wengi, pumzi moja, sentensi moja. Haoni kwamba moja linaondoa jingine. Na wapinzani wale si mizimu tu. Matendo 19 inatupa jina la mmoja wao: Demetrio, mfua fedha, aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa Efeso. Aliwakusanya mafundi wenzake akawaambia wazi kwamba utajiri wao unatokana na kazi hiyo, na huyu Paulo anaiharibu. Mji mzima ukajaa ghasia. Mwanzo wa yote ilikuwa riziki ya watu fulani kuguswa na neno la kweli. Kijana wetu amekutana na akina Demetrio wa bandarini, na badala ya kumwambia, "Mwanangu, Paulo alipita hapa," tumemwambia arudi akajichunguze.

Najua mtakachonijibu, na lazima nikikubali japo sipendi. Zipo njia ambazo Mungu mwenyewe huzifunga. Matendo 16, Roho Mtakatifu aliwakataza Paulo na wenzake kulihubiri neno katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa. Sawa. Lakini Luka anasema Roho ndiye aliyekataza, hasemi kwamba walichoka, au walikosa nauli, wakahitimisha kuwa ni Roho. Tena fuatilia kilichotokea baada ya hapo. Paulo akiwa Troa aliona maono ya mtu wa Makedonia, akavuka bahari kwa utiifu, na huko Filipi wakavuliwa nguo zao, wakapigwa bakora, wakatiwa gerezani na miguu kubanwa kwenye mkatale. Huo ndio mlango Mungu aliomfungulia! Angekuwa na mzee wa kumshauri pale gerezani kama tulivyoshauri sisi Alhamisi, angeamini kwamba maono ya Troa yalikuwa ndoto za uchovu.

Hatuna sababu ya kwenda mbali. Hapa hapa Mombasa, mwaka 1844, alifika mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Alikuwa amefungiwa njia Ethiopia, na shabaha yake ilikuwa kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani. Julai ya mwaka huo huo homa ikamuua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga naye akafa. Kaburi lao liko upande wa Nyali. Misheni kwa Waoromo aliyoijia, yeye mwenyewe hakuwahi kuianzisha. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kituo cha Rabai, na waliobatizwa kwa miaka mingi walikuwa wa kuhesabika. Rebmann alikaa mpaka 1875 akaondoka akiwa kipofu. Ukiwapima hao wawili kwa kipimo chetu, basi walipotea njia tangu siku ya kwanza. Ila Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule wa msiba, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, baada ya yeye kufa. Wapo watakaosema wamishonari waliwatangulia wakoloni. Mjadala huo ni halali, nami nina yangu ya kusema siku nyingine.

Ninayempenda zaidi ni William Jones, na inaniuma kwamba watoto wetu wa Shule ya Jumapili hawamjui. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na kusomeshwa India karibu na Nasik, kisha akarudi huku pwani kutumika. Aliwekwa wakfu kuwa shemasi 1885 na wakati huo ndiye aliyekuwa akiangalia kazi ya Rabai. Makanga wa matatu wanaita Kengeleni, Kengeleni kutwa nzima, na wengi wetu tunashuka kituo kile bila kujua kwamba kengele ile ya Frere Town, makao ya waliokombolewa yaliyoanzishwa 1875, ilikuwa ya kuwaonya hatari inapokaribia. Siku hizo zilikuwa hivyo. Watumwa walikuwa wakitoroka mashambani na kukimbilia Rabai. Sheria ya wakati ule ilitaka mtoro arudishwe kwa bwana wake. Wenye watumwa walitishia kuja kwa silaha, na misheni yenyewe ilikuwa na hofu ya kuingia matatani.

Sasa fikiri mtu amebisha usiku, mgongo una makovu, na wewe mwenyewe uliwahi kuuzwa. Neno la Mungu katika Kumbukumbu la Torati 23:15 linasema usimrudishe kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Kila mlango wa serikali, wa biashara na wa usalama wako unasema mrudishe. Jones na watu wa Rabai waliwapokea. Hawakupewa ishara kwamba mambo yatakuwa mazuri. Mwanzoni mwa 1889, baada ya miaka ya vitisho na baada ya mabwana kulipwa fidia, zaidi ya watu 1,000 walipewa vyeti vya uhuru pale Rabai. Nashukuru kwa mwisho huo. Lakini Jones alikuwa ameshatii kabla ya vyeti, na angekuwa sahihi hata kama visingekuja. Shadraka, Meshaki na Abednego walilisema hilo mbele ya tanuru: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo," hatutaisujudia sanamu.

Kuna hatari ya upande wa pili na siwezi kuipita. Sisi wa pwani tumeona Shakahola, 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni. Watu wale walishikilia waliloambiwa ni sauti ya Mungu mpaka njaa ikawaua wao na watoto wao. Kwa hiyo sisemi kila anayeng'ang'ania ameongozwa, wala kwamba mateso ni muhuri wa ukweli. Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo anawaambia wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Nataka tujaribu kwa vitu vinavyostahili kujaribu: Je, jambo hili linapatana na Neno? Je, waumini wakomavu, wasio na faida humo, wanasemaje? Je, linamdhulumu mtu? Je, anayelitangaza anaruhusu kuulizwa? Jambo la kijana wetu linapita yote hayo mchana kweupe. Lililobaki ni kwamba limemgharimu, na gharama ndiyo tuliyoiita ushahidi dhidi yake.

Vikwazo vingine vipo. Hofu ya wazazi na wakwe ni kizuizi kikubwa, na mtoto anayetaka kwenda kutumika mahali pasipo na mshahara anakijua. Dhambi tunayoilea huziba masikio, hilo halina mjadala. Na wengi wetu hatusikii kwa sababu tu hatusomi Biblia zaidi ya mstari wa asubuhi unaotumwa kwenye simu.

Ila nikitazama watu ninaowajua, wengi hawakuacha njia kwa kukosa kuisikia. Waliisikia vizuri. Walirudi nyuma kwa sababu walitii, wakaumia, wakatazama pembeni na kumkuta kila mtu amejitenga. Kikwazo kikawa sisi. Mtu akifiwa, kikundi cha WhatsApp cha kanisa kinajaa ujumbe wa M-Pesa kabla ya jua kuzama. Mtu akiugua tunapanga zamu za kumpelekea uji. Akipoteza kazi kwa kukataa rushwa, jambo ambalo tumelihubiri madhabahuni kwa sauti kubwa, tunampa mahubiri mengine. Kanisa la kwanza halikuwa hivyo. Matendo 4 inasema hapakuwa na mtu mmoja miongoni mwao mwenye mahitaji, na hao walikuwa watu wanaokamatwa na kutishwa kwa ajili ya jina la Yesu. Ujasiri wao na mfuko wao vilikwenda pamoja. Mtu husimama imara mbele ya bosi akijua kwamba Jumapili kuna watu watakaouliza kodi ya nyumba ni kiasi gani.

Ninachopendekeza ni kitu cha kufanyika. Kanisa letu litenge fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya mshirika aliyepoteza kipato kwa sababu ya dhamiri yake ya Kikristo: kodi ya miezi michache, karo ya muhula mmoja, kitu cha kumshikilia mpaka asimame. Wazee walichunguze suala lake kwa haki, wamsikilize yeye na mashahidi, pasiwe na udanganyifu. Wenye biashara miongoni mwetu, na wapo, wamfikirie yeye kwanza wanapoajiri, kwa maana karani aliyekataa kuandika uongo kwenye makaratasi ya mtu mwingine hataandika uongo kwenye ya kwao. Na mwenye kumshauri mtu aliyekwama aanze kwa kumuuliza ana deni gani.

Nimeshaandika barua kwa baraza la wazee. Mfuko wa ujenzi una fedha zilizokusanywa kwa ajili ya vigae vya madhabahuni, nami nimewaomba wajadili jambo hili kabla vigae havijanunuliwa.