Chupa Ile Ile, Wodi Nyingine

Mtoto mwenye nimonia kali unamtambua kabla hujamgusa. Mbavu zinazama kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka, kichwa kinatikisika, na hana nguvu hata ya kulia. Nimekaa zamu nyingi za usiku kando ya watoto wa namna hiyo, na ndiyo maana habari ya chupa ya Dhaka iliponifikia niliisoma mara tatu.

Chupa yenyewe ni ya kawaida, ya shampuu. Inatiwa maji. Mtoto anapewa oksijeni kwa mirija ya puani, na mrija wa kutolea pumzi unazamishwa sentimita chache ndani ya maji hayo. Akitoa pumzi, hewa inalazimika kuyasukuma maji ndipo ipate njia, na mapovu yanapanda. Shinikizo hilo dogo linarudi mpaka kifuani na kuvizuia vifuko vya hewa visijifunge. Daktari Mohammod Jobayer Chisti na wenzake waliijaribu mjini Dhaka, nchini Bangladesh, kwa watoto wenye nimonia kali, wakailinganisha na oksijeni ya kawaida inayotiririka polepole. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kwenye oksijeni ya kawaida walifariki asilimia 15, kwenye chupa asilimia 4. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa vifo katika kundi la oksijeni ya kawaida vilikuwa vimezidi mno.

Nilifurahi sana. Nilitaka kila wodi iwe na chupa hiyo kesho yake.

Kisha yakaja ya Malawi. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 644 wenye nimonia kali, baadhi wakiwa na VVU, wengine utapiamlo mkali, wengine oksijeni yao ya damu ikiwa imeshuka chini ya asilimia 90. Tiba ilikuwa ya kanuni ile ile ya mapovu. Ripoti ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba waliowekewa mapovu walifariki asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Utafiti huu nao ulisimamishwa mapema, safari hii kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba mapovu hayangeonyesha faida.

Mapafu ya mtoto wa Salima hayakuumbwa tofauti na ya mtoto wa Dhaka. Wagonjwa wa Salima walikuwa na maradhi mazito zaidi nyuma ya nimonia, hilo ni kweli, lakini mimi jicho langu linakwenda kwa wahudumu. Dhaka madaktari walikuwepo mchana na usiku. Salima kazi iliwaangukia wauguzi na matabibu, bila daktari kuwapitia wagonjwa kila siku. Na chupa ile, kwa urahisi wake wote, inataka macho. Mirija isipoenea vizuri puani, hewa inavuja. Tumbo likijaa hewa mtoto anatapika, na matapishi yakiingia kwenye njia ya hewa yanaweza kumuua kabla ya nimonia.

Usiku mmoja nilikuta maji ya chupa yametulia tuli. Mrija ulikuwa umechomoka. Mama wa mtoto amelala, kichwa amekiegemeza ukingoni mwa kitanda, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukimya ule ni hatari. Nilikuwa peke yangu, nimetoka kumhangaikia mtoto mwingine aliyekuwa akitetemeka kwa degedege. Yule wa chupa alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku ile namwambia kila mama: mapovu yakinyamaza, niite, hata kama unaniona nina kazi.

Baadaye tiba hiyo ilijaribiwa katika hospitali za kawaida nchini Ethiopia, madaktari wakiisimamia kwa karibu, na ikasaidia. Kwa hiyo tatizo si chupa. Tatizo ni mazoea ya kuchukua jibu la hospitali moja na kulisambaza kila mahali pamoja na mabango ya mafunzo ya siku mbili.

Tumeshafunzwa somo hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri alimiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyofanywa katika nchi tajiri. Jaribio la FEAST likawapima watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2011 likatangaza kwamba ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji walifariki zaidi ya asilimia 10, na wasiomiminiwa asilimia 7 na kidogo. Kila nikilifikiria hilo nakumbuka dripu nilizofungua mwenyewe hadi mwisho, kwa nia njema kabisa.

Wapo wanaosema tafiti hizi zinawageuza watoto wa maskini kuwa panya wa maabara. Hofu hiyo ina mizizi, na mzazi anayesainishwa ridhaa huku mtoto wake anahema anastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa lugha yake, na mtu asiyemkimbiza. Lakini tuliokuwa tunafungua dripu nasi tulikuwa tunajaribu. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa tunahesabu.

Hata kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni ya damu kina historia yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni mara tatu hivi zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa hicho ndicho tunachokitegemea kumwamulia mtoto arudi nyumbani au abaki!

Sisemi tusubiri tafiti ndipo tutibu. Oksijeni yenyewe haina mjadala. Papua New Guinea ilifunga vipimo hivyo vya kidole na mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani katika hospitali tano, na vifo vya watoto wenye nimonia vikashuka kutoka takriban asilimia 5 hadi 3. Hayo yalichapishwa mwaka 2008, na bado kuna wodi ambako watoto wanne wanagawana mashine moja na umeme ukikatika wote wanne wanabaki hivi hivi.

Ninachodai ni kwamba fedha za utafiti zifike kwenye wodi ya kawaida, saa tisa usiku, ikiwa na watu walewale wanaobaki hapo mradi ukiisha. Na matokeo mabaya yatangazwe kwa sauti ile ile ya matokeo mazuri. Watafiti wa Salima walichapisha yao, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko wengi waliosifiwa.

Siku hizi nikifungua ripoti naanza kwa kutafuta muuguzi mmoja alikuwa na watoto wangapi usiku, umeme ulikatika mara ngapi, na nani alikuwa anaangalia maji ya chupa. Mara nyingi hayamo. Watafiti mnaosoma hapa, naomba myaandike.