Majimbo ya Shemeji

Kuna ugonjwa umetuingia sisi wabeba boksi wa Marekani: kuhesabu majimbo. Zamani watu wakikutana kwenye shughuli walisengenyana, wakala pilau, wakaenda zao. Siku hizi mtu anachomoa simu, humo kuna ramani, kila jimbo alilofika kalipaka rangi. Ya shemeji yangu imejaa mpaka inatia kinyaa.

Kaipaka Georgia. Namwuliza, Georgia ulifanya nini? Eti alibadilisha ndege Atlanta! Jamani, kukimbia na begi kutoka geti hadi geti, hiyo ni kufika? Basi na bibi yangu, aliyeshinda kwenye benchi la uwanja wa Addis Ababa akienda Makka, tumwite Mhabeshi.

Ohio je? Alitua Cincinnati. Nikamwambia kwa adabu zote, maana ni kaka wa mke wangu: shemeji, uwanja wa Cincinnati uko Kentucky, ng'ambo ya mto. Unadhani aliona haya? Kaipaka Kentucky papo hapo, na Ohio hakuifuta. Anasema aliiona dirishani. Kansas nayo kaichukua kwa safari ya Kansas City, ile kubwa yenye maghorofa, ambayo iko Missouri. Hapo nilinyamaza. Ningefungua mdomo angeondoka na mawili tena.

Mimi yangu nimeyatolea jasho. Ukihamia jimbo jipya, leseni ya udereva ubadilishe, namba za gari ubadilishe, bima ubadilishe, na kwenye picha watakupiga umefumba jicho moja. Aliyeniita Minnesota aliniambia kazi zipo. Hakuniambia kwamba Aprili theluji nayo ipo. Nikakimbilia Texas kutafuta joto. Nimelipata, sina neno, ila Texas ni kubwa kuliko Kenya nzima. El Paso hadi Houston ni karibu kilomita 1,200: unaendesha, unakula, unasinzia, unaamka, bado Texas, na ramani yako haijaongezeka hata doa. Wenzako kule New England kwa mafuta hayo hayo wameshapaka majimbo yote sita. Rhode Island ukipiga chafya umeshatoka.

Kanuni yangu ni moja: ukilipa, umefika. Delaware niliipita kwa barabara ya I-95, kipande kifupi tu, wakanitoza ushuru wa barabara. Hiyo ni yangu kihalali.

Lililoniuma ni Washington. Nimekwenda ubalozini kwa ajili ya pasipoti, nimelipia maegesho, nimelipia chakula cha bei ya mahari. Narudi nipake rangi, hakuna pa kupaka: D.C. si jimbo! Wenyeji wake wenyewe wamelalamika mpaka kwenye vibao vya namba za magari, kwamba wanatozwa kodi bila uwakilishi. Nikawaelewa kuliko ndugu zangu. Shemeji kacheka hadi kapaliwa na soda.

Aliyeniokoa ni mke wangu. "Baba Asha, hoteli si ulilala Arlington?" Arlington! Virginia hiyo! Nikapaka kwa kidole kinachotetemeka.

Pasipoti ikiwa tayari naifuata mwenyewe, sitaki waitume kwa posta. Nitapanda treni mpaka Silver Spring, maana ile ni Maryland, ninunue chai, nidai risiti yenye anwani.