Mwenyekiti hakuiba: aondoke au abaki?

Msimu uliopita nilihudhuria mkutano wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho katika kijiji kimoja wilayani Newala. Mzee mmoja alitoa stakabadhi yake kwenye mfuko wa nailoni, ameikunja mara nne, akasoma kwa sauti: kilo 412 alizopima mizanini. Fedha zilizoingia benki zilikuwa za kilo 397. "Kilo 15 zangu zimekwenda wapi?" Akajibiwa neno tulilolizoea: unyaufu. Ni kweli korosho hukauka ghalani zikapungua uzito. Lakini wenzake walipozitoa stakabadhi zao, ikadhihirika kwamba karani wa mizani alikuwa na unyaufu wake mwenyewe.

Mwenyekiti hakuhusika, hata wasiompenda walikiri. Akasimama, akatangaza kujiuzulu. Makofi yakapigwa.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia ngazi kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa wanashikiliwa na vyombo vya dola Shinyanga. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Mwaka 1985 akawa Rais. Kwa hiyo kuwajibika si kukiri wizi. Ni kukubali kwamba dhamana ilikuwa yako.

Wanaopinga nao wasipuuzwe. Kijijini watu wanaoweza kusoma karatasi za mnada, wakafuatilia salfa, dawa ya mikorosho, na kubishana na chama kikuu cha ushirika, ni wa kuhesabu. Ukimwondoa asiyeiba kwa kosa la aliyeiba, anayemfuata atajifunza kuficha. Tena hasira haichagui: mwaka 2013 kule Liwale, mgogoro wa malipo ya korosho uliishia kwa nyumba za viongozi kuchomwa moto.

Mimi nasimama na wanaotaka aondoke, ila si siku ile. Kinachoniuma ni ile haraka. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe, na hiyo ndiyo kazi ya COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Mwenyekiti angebaki mpaka daftari la mizani lilinganishwe na la ghala, gunia kwa gunia, wanachama wasomewe, kisha ndipo aage. Akitangulia kuondoka, maswali yanabaki kwa mgeni ambaye atasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuwepo. Na huko juu mambo ni yale yale: kiongozi anajiuzulu, anasifiwa uungwana, na faili linafungwa pamoja na barua yake.

Jioni ile tulimchagua mwenyekiti mpya kwa kunyoosha mikono. Daftari halikufunguliwa. Yule mzee aliikunja stakabadhi yake tena, mara nne, akairudisha kwenye mfuko, akamwomba jirani amshike mkono kuinuka.