Shangazi, Kitanda na Robo Duara ya Mlango

Yule kijana aliyeniuzia fleti hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma. Angenidanganya ningepata wa kumgombeza. Alisema ni mita 27 za mraba. Nikapima, zikatoka 27. Alisema iko katikati ya jiji. Nikichungulia dirishani naliona jiji zima likigombania maegesho. Alisema kila sentimita inafanya kazi mbili. Akaongeza kwamba kuta zinazuia sauti kiasi kwamba mtu apige mayowe humu ndani, jirani hasikii kitu. Nikafurahi. Sikuuliza ni nani atakayepiga mayowe.

Fleti ya mfano waliyotupitisha ilikuwa na mwanga wa kumwaga, kioo ukuta mzima, na bafuni pazia jeupe badala ya mlango. Nikadhani ndiyo mitindo ya siku hizi. Kumbe pazia lilikuwa linaficha hesabu. Kwenye ramani ya fleti, mlango huchorwa na robo duara kuonyesha unapopita ukifunguka. Kitanda changu ni cha kukunjwa ukutani, kwa hiyo kilichorwa kwa nukta nukta. Itazame ramani hiyo vizuri: robo duara ya mlango wa bafu inaikata pembe ya kitanda. Haikufichwa. Imechorwa kwa wino mweusi, na sahihi yangu iko chini yake.

Vitanda vya namna hii vina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, pale San Francisco, William L. Murphy alikuwa akiishi chumba kimoja, na inasimuliwa kwamba alibuni kitanda cha kufichwa kwa sababu haikuwa adabu kumkaribisha mchumba mahali ambapo kitanda kinaonekana. Heshima kwanza. Changu kikipanda, kinageuka kuwa kabati refu la mbao lenye mpini mzuri wa chuma katikati. Mtu asiyejua hawezi kukisia kuna godoro nyuma yake. Shikilieni hapo kwenye mpini.

Shangazi aliposikia nimenunua nyumba mjini, alikuja kuikagua. Hakuja peke yake. Alikuja na mjomba, binamu na watoto wa binamu, tukawa watu kumi. Nilikuwa nimeazima viti vya kukunja, nikavipanga chumbani kwa hesabu ya ajabu: wa dirishani akitaka kusimama, wa jikoni aketi kwanza.

Zawadi ya shangazi ilikuwa sufuria. Si sufuria ya mchezo. Sufuria ya alumini ya kulisha msiba, inang'aa hadi unajiona meno. Akataka tuizindue kwa chai. Nikaiweka jikoni, jiko likalia pii, pii, likazima. Nikaiweka tena, likalia tena.

"Jiko lako bovu," shangazi akahukumu.

Nikamweleza kwamba hili ni jiko la induksheni. Halina moto wala waya wa kuwaka. Linatumia sumaku kulipasha joto sufuria lenyewe, ndiyo maana halipotezi umeme mwingi. Ila sumaku inataka chuma, na alumini haiijui kabisa. Nikachukua kijisumaku cha mlangoni pa friji, nikakibandika kwenye sufuria kuthibitisha. Kikaanguka. Shangazi akakitazama pale sakafuni, akanitazama mimi.

"Nimekuletea sufuria, wewe unaipima kama daktari," akasema, akanyanyuka kwenda msalani. Watu wanne wakaketi ili apite.

Sasa sufuria ikawa haina pa kukaa. Juu ya jiko haitakiwi, kwenye sinki haienei, mezani kuna vikombe. Nikamwambia mjomba, aliyekuwa ameipakata, aitie kabatini.

"Kabati lipi?"

"Hilo hapo," nikasema, nikionyesha kabati dogo la juu ya friji.

Mjomba akaona kabati lenye mpini wa chuma. Akavuta.

Kitanda kina springi za gesi, kwa hiyo hakianguki. Kinashuka taratibu, kwa heshima zake, na hakuna anayeweza kukibembeleza kirudi. Watu wakaruka huku na huku. Viti havikuruka. Kitanda kikavilalia, kikasita, kikalia krrrk. Mguu wa kiti kimoja ukapenya kati ya mbao za chaga, ukanasa. Hapo hakishuki, hakipandi. Chumba kikagawanyika mapande mawili: wanne dirishani, wanne upande wa jikoni, katikati godoro na mjomba kalikalia bado amekumbatia sufuria.

Ndipo mlango wa bafu ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja, ukagonga pembe ya kitanda. Ile ile ya kwenye ramani.

"Nani ameweka ukuta hapa?" ikauliza sauti ya shangazi.

Nikaanza kueleza. Sikufika mbali, kwa sababu taa ya bafuni ikazimika. Taa ile haina swichi. Ina kihisi kinachotambua joto la mwili linalosogea. Mtu akitulia, kinaamini ameondoka, kinaokoa umeme. Na shangazi alikuwa ametulia tuli mlangoni akinisikiliza, jambo ambalo halijawahi kutokea maishani mwangu.

"Umeme umekatika!"

"Haujakatika, shangazi. Jitikise kidogo."

"Nini?"

"Cheza kidogo, shemeji!" mjomba akapaza sauti kutoka godoroni. "Taa inataka uchezeshe mwili!"

Kukawa kimya. Kisha taa ikawaka, na katika ule upenyo tukaona mkono mmoja ukipunga, bangili zinalia, huku mwenye mkono akitaja majina ya wazee wetu waliotangulia na kuwauliza kama wanaliona hili. Akichoka, giza. Akipumzika akapunga tena, mwanga. Watoto wa binamu walicheka hadi wakalala juu ya godoro, na uzito wao ukazidi kukikandamiza kiti.

Huku nje ya bafu nako kulikuwa na tatizo la hewa. Nyumba za kubana nishati, kama hii yangu, zimezibwa nyufa zote. Ile safu ya kwanza ya nyumba za namna hii, iliyojengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, ilifanikiwa kwa sababu hiyo hiyo. Joto halina pa kutorokea, na hewa safi inaletwa na mtambo. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la kama wati 100. Kumi sisi, kilowati nzima: hita ya umeme imewaka katikati ya chumba na haina kitufe cha kuzimia. Mtambo ukahisi pumzi na jasho letu, ukaanza kunguruma kwa nguvu zake zote, na sasa tukawa tunapiga kelele ili tusikilizane kuhusu kelele. Nikagonga ukuta jirani atusaidie. Kijana yule hakudanganya.

Dawa ilikuwa kutoa viti. Binamu akafungua mlango wa nje, viti vikapita kimoja kimoja juu ya vichwa hadi koridoni, kisha watoto, kisha mjomba, ambaye alikataa kuiachia sufuria. Kile kiti kilichonasa nikakitoa kwa kulala chali chini ya kitanda, bisibisi mkononi, huku shangazi akinielekeza kwa mkono ule ule wa mwanga. Kikachomoka, springi zikapumua, kitanda kikapanda chenyewe kama hakijafanya kitu.

Shangazi akatoka. Kilemba kimekaa upande, uso umetulia kuliko nilivyotarajia. Akajifuta jasho, akaketi kwenye nafasi ya kwanza aliyoiona, akaomba maji ya baridi.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ile programu ya nyumba inayofuatilia matumizi ya umeme. Shangazi akataka nisome kwa sauti, nikasoma: nje kuna baridi kali, lakini kwa muda wote wa mchana mtambo wangu wa joto haukuwaka hata kidogo, hongera kwa matumizi bora.

"Haukuwaka kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu mlikuwapo. Joto lenu limetosha nyumba nzima."

"Na lile la chooni?"

"Hata la chooni, shangazi. Pengine hilo ndilo lililozidi."

Akanywa maji yote, akanirudishia bilauri.

"Basi bili ikija, kiasi kilichookolewa unitumie. Na cha mjomba wako usimpe, yeye alikuwa amelala."