Aliyenyamaza Kakubali

Mie sauti yangu si ya kutafutwa. Nikiilalamikia bei ya ng'onda pale soko la Mwanakwerekwe, wa Magomeni ananijibu. Mke wangu nikimwita taratibu huuliza, "Bwana, unaniita au unaadhini?" Sasa niambieni, sauti kama hiyo inashindwaje kuingia kwenye kompyuta iliyo shubiri moja na pua yangu?

Jumapili ukoo umeitana kwa video, kupanga harusi ya mtoto wa mdogo wangu wa Maskati. Simu yangu kioo kimepasuka, nikasema haidhuru, ipo kompyuta ya mezani, mtumba wa Dubai niliyoinunua Mlandege. Nikavaa hedifoni kama rubani. "Assalaam alaykum!"

Kimya. Nawaona, nawasikia. Shangazi yuko Chake Chake anatafuna tambuu, popoo naisikia inavyovunjika. Mie hawanisikii.

"Kaka, umejifunga maiki," ananiambia mdogo wangu. Hakuna aliyewahi kunishuku kwa jambo hilo tangu nizaliwe. Kwenye waya kuna kidude cha kufungia sauti, nikakibonyeza. Nikakibonyeza tena. Nimekibonyeza mpaka sijui nimekiacha wapi.

Nikaingia uvunguni mwa meza. Nyuma ya kompyuta, chini ya vumbi la miaka minne, kuna tundu tatu: ya kijani, ya waridi na ya buluu. Ya kijani ya kutolea sauti, ya waridi ya maiki, ya buluu ya kuingizia sauti ya redio na mfano wake. Tundu tatu, na mie pini moja! Ilikuwa kwenye kijani, nikaihamishia kwenye waridi. Sasa nao siwasikii. Nikairejesha. "Hallo! Hallo! Moja, mbili, tatu!" Watoto wa mtaa washajaa dirishani: "Ami, maulidi lini?"

Mkutano haukunisubiri. Nainuka kutoka uvunguni namkuta shangazi anasema, "Kaka mkubwa tumempangia atoe mbuzi watatu na gunia mbili za mchele. Ana neno?" Nikatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka, ila nimesimama, na kamera imeelekea kitambini. "Kanyamaza," akasema shangazi. "Aliyenyamaza kakubali. Tusomeni Fatiha." Nami nikainua mikono. Ningefanyaje? Fatiha hiyo.

Kesho yake nikamwita kijana wa jirani, bado yumo skuli. Hakugusa kompyuta, alichukua pini akaitazama. "Ami, hii ina mikanda mitatu myeusi. Ya simu hii." Kumbe mikanda mitatu inagawa chuma vipande vinne: sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa pamoja wa kurudishia umeme, na maiki. Tundu za kompyuta yangu haziijui hesabu hiyo, kila moja inataka pini yake yenye mikanda miwili. Akaniletea kiwaya cha panda, upande huu tundu moja, upande ule pini mbili. Na pini yangu akaipangusa kutu kwa spiriti, maana hewa yetu ya bahari haina simile.

Tukajaribu. Bado! Akafungua mipangilio, akakuta kompyuta imechagua kusikiliza maiki ya kamera, na ile ilikufa zamani. Kwa hiyo muda wote nilikuwa nasemeshana na maiti. Akaibadilisha. Bado! Akaenda penye mambo ya faragha, akasema, "Ami, programu hii haijapewa ruhusa ya maiki."

Ruhusa? Nyumba yangu, meza yangu, umeme wa tukuza nanunua mie, halafu nizuiwe kusema ndani ya kompyuta yangu mwenyewe? Na aliyeizima nani? Mtoto anasema pengine mie mwenyewe, siku kilipotokea kiboksi cha kuuliza nikabonyeza ili kiondoke tu. Mie viboksi vyote hubonyeza hivyo, sina siku ya kuvisoma.

Akaiwasha, akaijaribu kwa sauti yake yeye, anayesema kama anasoma dua ya kulalia. Mstari wa kijani ukapanda kidogo. "Ndogo, ami," akaniambia, akaiongeza desibeli 30, mpaka mwisho. Eti hizo ni nguvu mara elfu. Nikamwambia barakallahu fiik, nikampa ya urojo, akenda zake.

Jumapili hii tukaitana tena. Safari hii nimejipanga, hoja ninazo: mbuzi mmoja, mchele gunia moja, na mkubwa wa ukoo huombwa, hapangiwi. Nikavuta pumzi.

"ASSALAAM ALAYKUM! KUHUSU WALE MBUZI..."

Maskati nikaona hedifoni inaruka. Chake Chake popoo ikamtoka shangazi mdomoni.

"Mfungeni huyo maiki," akasema, anajishika sikio. "Wiki iliyopita alikuwa na adabu zake."