Punda Kafa Tu

Mimi si mtu wa kulalamika. Ulizeni hapa kijijini kwa wachonga makaburi ya wafalme, magharibi ya Thebes, Misri. Magunia 4 ya ngano na moja na nusu ya shayiri kwa mwezi, yakija nashukuru, yasipokuja nanyamaza. Haya, ule mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme wetu Ramesses wa Tatu nilitupa patasi nikaenda kuketi na wenzangu nyuma ya hekalu la mfalme wa zamani Thutmose tukipiga kelele. Lakini ile ilikuwa njaa. Njaa si malalamiko.

Ila hili la punda, hapana.

Punda wa karibu deben 30 za shaba, kipimo chetu cha uzito tunachopangia bei! Nikamkodisha kwa mbeba maji, maana huku kwetu kisima hamna, kila tone linapandishwa kutoka bondeni. Kamchukua mzima, masikio wima. Kanirudishia kamba. "Punda kafa, bwana." Kafa na nini? "Kafa tu."

Nikampeleka kwa mungu. Mungu wetu hapa ni mfalme Amenhotep; alikufa zamani, lakini kesi bado anasikiliza. Sanamu yake inabebwa mabegani, unauliza: ikija mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana. Haki tupu. Shida wabebaji. Ni hawa hawa wachonga mawe tunaopakana nao ukuta kwa ukuta, leo wamenyoa vichwa wanaitwa makuhani. Na wa mbele kushoto ni shemeji yake mbeba maji.

Nikasimama kiungwana, nikakohoa. "Bwana wangu mwema, je, huyu anilipe punda?" Sanamu ikayumba. Ikaja mbele hatua moja, nikaanza kushukuru. Shemeji huyo, akakaza visigino! Wa nyuma wakasukuma, wa kushoto akavuta, mungu akageuka pembeni akabaki anamtazama mbuzi wa jirani. Karani akainua kalamu: aandike nini? Kwani mbuzi naye ana kesi? Nikauliza tena. Safari hii mungu akarudi nyuma mbio mpaka akagonga ukuta. "Hapana," karani akaandika kwenye kigae. Jamani, yule kakanyaga jiwe, wote mmeona! Nikaambiwa nisimfundishe mungu kutembea.

Poa. Miungu iko mingi. Nitaenda kwa Amun.

Na karani huyo huyo ndiye anayeandika watoro kazini. Mtu kaumwa na nge, sawa. Mtu kabaki nyumbani anatengeneza pombe, sawa. Mimi nimefiwa na punda, anacheka!

Mkate wenyewe nusu unga nusu mchanga, meno yamelika hadi kwenye ufizi. Patasi tunapimiwa uzito, tambi za taa tunahesabiwa, kana kwamba nyumbani tunazipika mchuzi.

Halafu dobi. Kusoma hajui, kwa hiyo nguo nilimchorea kwenye kigae moja moja, kanzu kwa umbo lake, kitambaa cha kiunoni kwa umbo lake. Kaniletea kanzu ya mtu mnene, inaingia mimi na mtoto. Mama watoto kaigeuza geuza, anasema hii ni ya nyapara, doa la mafuta la sikukuu hili hapa. Niirudishe vipi bila kuitwa mwizi? Nyingine sina. Nimeivaa, nimefunga mshipi mara mbili, na nyapara akipita nageuza lenye doa ukutani.